Sumad ya Datsun: Gari Jekundu na Swali la Mzee wa Eldas

Picha iliingia kwenye simu yangu baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa nimeketi na wazee kivulini mjini Eldas, Wajir. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, lenye boneti nyeusi, taa kubwa za ziada mbele, na namba 11 imebandikwa mlangoni. Chini ya picha mpwa wangu, ambaye anafanya biashara Eastleigh, Nairobi, alikuwa ameandika: "Abti, hii ni Datsun 240Z iliyokimbia Safari ya 1971. Mwenyewe anauza. Ni yenyewe?"

Kwetu Wasomali abti ni mjomba, na mjomba naye humwita mpwa wake abti. Neno hilo moja huenda na kurudi, na deni huenda na kurudi pamoja nalo. Kijana alikuwa ametajiwa bei ambayo kwa Eldas ni zizi zima la ngamia, na aliniuliza mimi kwa sababu amenijua tangu utotoni kama mtu anayekusanya habari za mashindano ya magari ya Safari.

Kabla sijajibu, babu yake aliomba simu. Akaishika mbali na macho, akaitazama picha kwa utulivu, kisha akanirudishia. "Gari zuri," akasema. "Sumad yake iko wapi?"

Sumad ni alama ya moto. Kila ukoo una yake, huchomwa kwenye ngozi ya ngamia akiwa mdogo, na haifutiki mpaka anakufa. Ngamia anaweza kuwa na nundu nzuri na mwendo wa kupendeza, lakini mnunuzi wa kwetu kwanza hutafuta alama, kisha huuliza mama wa ngamia ni nani, na mama wa mama yake. Mchungaji mzuri hukutajia vizazi kadhaa bila kusita. Asiyeweza kutaja huenda si mwizi, ila bei yake itashuka. Mzee yule hajawahi kuketi ndani ya gari la spoti, lakini aliuliza swali lile lile ambalo wanunuzi wa magari ya kale huko Tokyo na California huwalipa wataalamu ili wawaulizie.

Sitaki msomaji adhani kwamba sisi wa Wajir tunajifunza leo tofauti ya halisi na feki. Barabara ya kutoka Wajir hadi Eldas ni mchanga na changarawe, na gari linaloheshimiwa huku ni Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, ambayo dereva wa kwetu huitambua kwa mlio tu kabla haijatokeza. Yeyote aliyewahi kumiliki gari hilo amewahi pia kununua beringi iliyofungwa kwenye boksi lenye jina la kiwanda, ikavunjika kabla ya mwezi kwisha, katikati ya nyika, huku maji yakikaribia kwisha. Mjini Nairobi spea feki humpotezea mtu pesa. Huku inaweza kumuua kwa kiu. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba chuma chake ni cha fulani na cha mwaka fulani, sisi hatulichukui dai hilo kama pambo.

Sasa turudi Pasaka ya 1971. Mwaka mmoja kabla yake, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller, walikuwa wameshinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, saluni ya milango minne ambayo kwa macho haikuwa na cha kutisha. Mwaka 1971 wawili hao walirudi na gari jipya la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393. Hiyo ndiyo 240Z. Walishinda tena, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, katika 240Z nyingine. Mwaka 1972 Hannu Mikkola aliipa Ford Escort ushindi. Mwaka 1973 Mehta, safari hii na Lofty Drews ubavuni, akalirudisha taji kwa 240Z.

Ushindi huo wa 1973 nitausimulia kidogo, maana unahusu jambo letu. Magari yalipofika mwisho, Mehta na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Maelfu ya kilomita za matope, mawe na vumbi zilikuwa zimewaacha bega kwa bega. Ilibidi waamuzi warudi kwenye kadi za vituo vya ukaguzi, watazame ni nani alifika mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza. Alikuwa Mehta. Hakuna mtazamaji barabarani aliyeweza kuona tofauti yao kwa macho. Karatasi zilizogongwa mihuri usiku, na watu waliokesha vituoni, ndizo zilizojua. Mehta aliendelea kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akafikisha jumla ya ushindi wa Safari mara tano.

Huko Japani mashindano haya yetu yalikuwa jambo kubwa kuliko wengi wetu tunavyojua. Mwaka 1969 Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji waliopendwa mno nchini humo, aliigiza filamu nzima kuhusu Safari na magari ya Nissan. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikiuza magari yake ng'ambo kwa jina la Datsun, iliyatangaza kwa vumbi la Afrika Mashariki: gari lililotoka salama kwenye barabara zetu lingeiweza barabara yoyote. Gari la Herrmann, lile jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11, Nissan ilirudi nalo nyumbani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni walilifanyia ukarabati likawaka na kutembea tena, na makao yake ni ghala la magari ya urithi huko Zama, mkoa wa Kanagawa.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu la kwanza la mpwa wangu hata kabla sijainuka kivulini. Gari lililoshinda Safari ya 1971 liko Japani. La Nairobi haliwezi kuwa lile.

Lakini jibu hilo halikutosha, na mwenye gari naye alilijua. Alipobanwa alibadilisha maneno, akasema ni mwenzake, gari jingine la timu ile ile lililoachwa Kenya. Hapo uongo huwa mgumu kuukamata, kwa sababu unakaa jirani na ukweli. Timu za viwanda katika miaka ile zilileta magari kadhaa kwa kila Safari, na ilikuwa kawaida baadhi yao kuuzwa hapa hapa baada ya mashindano badala ya kulipiwa meli. Mafundi wa mashindano nao walihamisha injini, milango na madigadi kutoka gari moja hadi jingine usiku kucha, na duniani kote timu zilijulikana kubadilisha bodi nzima huku namba ya usajili ikibaki ile ile. Kwa hiyo gari halisi la Safari lililosahauliwa bandani Kenya linawezekana kabisa. Uwezekano huo ndio unaouzwa.

Na unauzwa ghali. 240Z ilipoingia Marekani bei yake ilikuwa dola 3,526. Januari 2020, 240Z moja ya mapema iliyokuwa imetembea maili kama 21,000 tu iliuzwa huko mnadani kwa dola 310,000. Gari hilo lilikuwa limetumiwa zamani kama kielelezo na kampuni ya Franklin Mint, watengenezaji wa vigari vidogo vya kuweka kabatini. Vigari hivyo vilivyoigwa kutoka kwake viliongeza sifa ya mama yao, kwa kuwa kila mtu alijua kipi ni mama na kipi ni mtoto.

Japani kwenyewe mchezo wa kuigiza umefika mbali. Kulikuwa na toleo la gari hili lililoitwa Fairlady Z432, lenye injini ya S20 iliyotokana na magari ya mashindano: vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kemshafti mbili, ndipo jina likawa 4-3-2. Yalitengenezwa mia nne na kitu tu. Skyline GT-R ya 1973 ilikuwa adimu zaidi, magari 197 peke yake. Ukiyaweka kando ya ndugu zao wa kawaida, bodi ni zile zile, na fundi mwenye subira anaweza kuongeza madigadi, nembo na viti mpaka macho yakashindwa kutofautisha. Kinachobaki ni herufi. Fairlady Z ya kawaida ni S30. Z432 ni PS30. Skyline ya kawaida ya bodi ile ni KGC110. GT-R ni KPGC110. Herufi P, iliyogongwa kwenye chuma kiwandani, inatenganisha gari ambalo mwalimu mwenye akiba angeweza kulifikiria na gari la tajiri. Nilipomweleza mzee wetu jambo hilo, hakushangaa. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

Kuiga peke yake sikuoni kama dhambi, na nataka hilo lieleweke. Toyota ilitengeneza 2000GT 351 tu kati ya 1967 na 1970, na moja kati ya hizo, iliyowahi kuwa ya Carroll Shelby, mtengenezaji magari wa Marekani, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2022. Karakana ya Rocky Auto huko Japani ikaona wapenzi wengi hawatalifikia kamwe, ikatengeneza gari linalofanana nalo, ikaliita 3000GT. Jina tofauti, injini ya Toyota ya kisasa ndani, na bei yake iko wazi. Mnunuzi anajua anachonunua, na mjukuu wake atajua alichorithi. Huo ni ufundi wa heshima.

Kinachoniuma ni kingine. Kuanzia miaka ya 1980, mafundi wa Marekani walikuwa wakizichukua Datsun za Z, wakati huo zikiwa rahisi sokoni, wakizivua bodi na kuzivika ganda la faiba lenye umbo la Ferrari 250 GTO, gari ambalo Ferrari ilitengeneza 36 tu na ambalo moja liliuzwa kwa dola milioni 48.4 mwaka 2018. Pua ndefu ya Z ililingana na ile ya Kiitaliano. Hivyo gari halisi la Kijapani lilikatwa ili liwe kivuli cha gari la watu wengine, na leo wapenzi wa Datsun wanazihesabu zile zilizopotea kwa njia hiyo kama mfugaji anavyohesabu mifugo baada ya ukame. Kila ninapoona moja ya GTO hizo bandia, macho yangu hutafuta kioo cha mbele na mahali bawaba za mlango zinapokaa, nione Z iliyozikwa humo.

Kuna swali ambalo watu huniuliza nikifika hapa: gari lililobadilishwa sakafu, milango, injini na rangi, linabakije lenyewe? Mama yangu alinijibu swali hilo kabla sijalijua. Aqal yake, ile nyumba ya matawi yaliyokunjwa na mikeka, ilibebwa juu ya ngamia kutoka malisho hadi malisho. Kila mahali palikuwa na mkeka uliochakaa ukabadilishwa, tawi lililovunjika likakatwa jipya. Nilipokuwa mtu mzima sidhani kama palibaki hata uzi wa aqal aliyoolewa nayo. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusema ni nyumba nyingine, kwa sababu hapakuwahi kuwa na siku ambayo haikuwa mikononi mwake. Alijua kila mkeka ulisukwa na nani na katika mvua ya mwaka gani. Mwanamke mwingine angeweza kusuka aqal inayofanana kabisa, nzuri hata zaidi, na ingekuwa nyumba yake, si ya mama yangu.

Wasimamizi wa magari ya kale wanafuata njia hiyo hiyo, ingawa kwa fomu. Shirikisho la magari duniani, FIA, hutoa pasipoti ya kiufundi kwa magari ya kale ya mashindano. Pasipoti hiyo huthibitisha kwamba gari limeundwa sawasawa na lilivyoruhusiwa wakati wake. Haisemi kwamba gari lenyewe lilishindana wakati huo. Ndiyo maana Datsun, Escort na Porsche nyingi zinazokuja Kenya kwa East African Safari Classic, mashindano yaliyoanza 2003, zimeundwa miaka ya karibuni juu ya bodi za zamani, na hakuna anayelalamika. Zinakimbia, zinavunjika, zinaungwa tena usiku Taita, na hakuna anayezitambulisha kama gari la Herrmann. Anayeichukua pasipoti kama hiyo na kuiuza kama nasaba, huyo amedanganya kwa karatasi ya kweli.

Nilisafiri hadi Nairobi wiki iliyofuata. Tulimchukua fundi mmoja mzee wa eneo la Grogan ambaye ameshika Datsun tangu ujana wake, tukaenda watatu kwenye yadi ambako gari lilikuwa.

Fundi hakuitazama rangi. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha polepole juu ya madigadi. Iliposhika, bati. Ilipoteleza, puti. Iliteleza nyuma upande wa kushoto, mahali palipovimbishwa ili magurudumu mapana yaenee. Akalala chini, akatazama sakafu, akaguna. Kisha akaomba boneti ifunguliwe, akamwaga mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, akasugua bati lililo nyuma ya injini, lile linalotenga injini na miguu ya dereva. Rangi nyekundu ilikuwa nzito hapo kuliko mahali pengine. Zikaanza kutokeza herufi, moja moja: R, S, 30.

"Hii ni mbili-sita-sifuri," akasema.

240Z ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japani ni HS30. RS30 ni 260Z, toleo lililofuata, lenye injini kubwa zaidi kidogo. Na logbuku ilisema hivyo hivyo: mwaka wa kutengenezwa, 1974. Mwenye gari alikuwa ametuambia kwenye simu kwamba mwaka huo ni kosa la karani. Karani hakukosea. Gari lililozaliwa 1974 halikuweza kuwepo kwenye Safari ya 1971, wala ya 1973, wala halikuweza kubeba namba 11 ya Herrmann isipokuwa kwa stika.

Mpwa wangu alikuwa tayari kuondoka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa ngamia wa wizi. Mimi ndiye niliyemshika mkono, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine. Namba ya usajili ilikuwa ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, haina herufi ya mwisho. Kenya ilianza kuongeza herufi ya mwisho mwaka 1989, kwa hiyo gari hilo lilikuwa limesajiliwa hapa kabla ya mwaka huo. Na siku hizi haliwezi kuingia jingine kirahisi: kanuni ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, yaani KS 1515 ya mwaka 2000, hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Z zilizobaki Kenya kwa sehemu kubwa ni zile zilizokuja zikiwa changa, zikazeekea hapa. Ndani ya faili kulikuwa pia na logbuku ya kale, ile ya kijitabu, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na humo wamiliki wamefuatana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake na muhuri.

Kwa hiyo gari lilikuwa na nasaba. Lilikuwa 260Z halisi, iliyonunuliwa Kenya mwaka 1974, ikatunzwa, ikauzwa, ikagongwa nyuma kushoto, ikaungwa na fundi mzuri, ikauzwa tena. Mtu mmoja tu katika mlolongo huo mrefu aliona haitoshi, akaipaka nasaba ya mwingine. Kwa kufanya hivyo aliwafuta wote waliomtangulia. Nilisimama pale nikihisi uchungu kwa ajili ya watu ambao sikuwajua, waliolilipia gari hili bima, walioliosha Jumamosi, walioandikisha majina yao kwenye kijitabu wakidhani yatabaki.

Nilimwambia mpwa wangu bei ya haki ni ya 260Z ya Kenya yenye ukarabati unaoonekana, na masharti ni mkataba unaosema hivyo kwa maandishi: Datsun 260Z ya 1974, namba ya chasisi ikianza na RS30, iliyopakwa rangi kwa mfano wa gari lililoshinda Safari ya 1971, bila uhusiano wowote na gari hilo. Mwenye gari alikataa, akakasirika, akatutukana. Baada ya wiki mbili akapiga simu mwenyewe. Wanunuzi wengine walikuwa wameleta sumaku zao.

Namba 11 ilitolewa kwa maji ya moto siku ile ile gari lilipohamishwa. Rangi nyekundu na boneti nyeusi mpwa wangu ameziacha. Anasema zinampendeza, na mkataba unaeleza zimetoka wapi. Fundi wa Grogan alilitambua kovu la nyuma kushoto kuwa kazi ya mtu aliyewahi kufanya naye kazi, akalitaja jina lake, nalo likaandikwa.

Limeandikwa kwenye daftari la shule, kwa sababu logbuku mpya ya mamlaka ya usafiri, NTSA, ina jina la mmiliki wa sasa peke yake. Kijana alinakili humo kila jina lililokuwa kwenye kijitabu cha kale, pamoja na tarehe, kisha akampigia babu yake Eldas. Mzee aliuliza tena habari ya sumad, akaambiwa: RS30. Akauliza, "Na mama yake?"

Mpwa wangu akafungua daftari na kuanza kusoma majina, polepole, tangu mnunuzi wa kwanza wa 1974. Upande wa pili kulikuwa na kimya na sauti ya upepo. Alipofika jina la mwisho, ambalo lilikuwa lake mwenyewe, mzee akamwomba arudie tangu mwanzo.